Dawa za Kawaida na Homoni Zinazopandisha Shinikizo la Damu

Utangulizi

Watu wengi wanaoingia katika duka la dawa kununua dawa ya mafua, ya mgongo au ya maumivu ya hedhi hawana shinikizo la juu la damu, au angalau hawajui kama wanalo. Ndiyo maana onyo lililochapishwa kwa herufi ndogo katika kikaratasi cha maelezo, linalomtaka mwenye shinikizo la juu la damu amwone daktari kabla ya kutumia dawa hiyo, hawalitilii maanani. Hulichukulia kuwa onyo la wagonjwa. Somo hili linaeleza kwa nini onyo hilo linamhusu pia mtu anayejiona mzima.

Tuanze na mfano. Dereva wa lori mwenye umri wa miaka 38, anayesafirisha mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma, hajawahi kuambiwa kuwa ana presha. Kwa wiki mbili amekuwa akimeza diklofenaki asubuhi na jioni kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Siku tatu zilizopita alishikwa na mafua, akanunua vidonge vya kufungua pua. Leo asubuhi anapimwa afya kabla ya kutia saini mkataba mpya wa kazi. Mashine inaonyesha 154/96. Muuguzi anasubiri kidogo, anapima tena, na inaonyesha 152/96. Dereva anaambiwa kwamba mkataba utasubiri mpaka jambo hilo lifahamike vizuri. Hakuna aliyemuuliza ametumia dawa gani.

Je, mtu huyu ana ugonjwa wa shinikizo la juu la damu, au mashine imeonyesha kazi ya dawa alizomeza? Tutamrudia mwishoni mwa somo. Kwanza tujifunze mambo matatu: jinsi homoni zinavyopandisha shinikizo la damu, jinsi dawa tunazozinunua kila siku zinavyoongeza au kupunguza nguvu ya homoni hizo, na hatua za kuchukua kabla na baada ya kununua dawa.

1. Shinikizo la damu hupandaje katika mwili wenye afya?

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu huisukumia kuta za mishipa. Hupimwa kwa milimita za zebaki na kuandikwa kwa namba mbili. Namba ya kwanza, ambayo ni kubwa, ni shinikizo wakati moyo unaposukuma damu. Namba ya pili ni shinikizo wakati moyo unapopumzika kati ya pigo moja na jingine. Kwa mtu mzima, shinikizo lililo chini ya 120/80 huhesabiwa kuwa zuri. Likifika 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku mbili tofauti, mtaalamu wa afya huanza kulizungumzia kama ugonjwa.

Hata hivyo, shinikizo la damu halitulii mahali pamoja. Hupanda unapokimbia, unapogombana na mtu au unapopanda ngazi, na hushuka unapolala. Mabadiliko hayo huongozwa kwa sehemu kubwa na homoni, yaani kemikali ambazo tezi na viungo vya mwili huzimimina katika damu ili zipeleke ujumbe sehemu nyingine. Zipo za aina tatu ambazo msomaji anapaswa kuzifahamu.

Aina ya kwanza ni adrenalini na noradrenalini. Adrenalini hutoka katika tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na noradrenalini hutoka zaidi katika ncha za neva. Mtu anaposhtuka, anapoogopa au anapoumia, kemikali hizi huuharakisha moyo na kuibana mishipa mingi ya damu. Kazi yake huonekana ndani ya sekunde chache.

Aina ya pili ni angiotensini na aldosteroni. Figo zikihisi kwamba damu au chumvi imepungua mwilini, hutoa kimeng'enya kiitwacho renini. Kimeng'enya hiki kiligunduliwa mwaka 1898 na Robert Tigerstedt na Per Bergman huko Stockholm, Sweden, walipotumia maji yaliyokamuliwa kutoka katika figo za sungura na kuona kwamba yanapandisha shinikizo la damu. Renini huikata protini inayotengenezwa na ini, na kipande kinachopatikana huitwa angiotensini ya kwanza. Kipande hiki hakina nguvu kubwa mpaka kimeng'enya kingine, kinachopatikana kwa wingi katika mapafu, kikigeuze kuwa angiotensini ya pili. Hiyo ndiyo inayobana mishipa kwa nguvu, na tena huziamuru tezi za adrenali zitoe aldosteroni, ambayo huzifanya figo zihifadhi chumvi na maji.

Aina ya tatu ni kotisoli, nayo pia hutoka katika tezi za adrenali. Pamoja na kazi zake nyingine nyingi, kotisoli huifanya mishipa iitikie kwa nguvu zaidi adrenalini na angiotensini.

Homoni hizi si adui. Mama anayepoteza damu wakati wa kujifungua, au mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha, huwa hai kwa sababu zinabana mishipa yake na kuhifadhi maji yaliyosalia. Mwili pia una vitu vya kuzizuia zisipite kiasi. Miongoni mwake ni prostaglandini, kemikali ambazo baadhi yake hupanua mishipa na kuzisaidia figo kutoa chumvi na maji. Tunaweza kuzifananisha na breki za gari lenye injini yenye nguvu. Dereva hatambui umuhimu wa breki akiwa kwenye barabara tambarare. Huutambua anapofika kwenye mteremko.

2. Wataalamu wamejuaje kazi ya dawa katika watu wenye afya?

Njia moja iliyotumika tangu miaka ya 1970 ni rahisi kuieleza. Mtu mwenye afya aliyekubali kwa hiari yake hupewa homoni kupitia mshipa, kwa kiasi kidogo kilichopimwa, huku shinikizo lake likifuatiliwa. Wataalamu huandika limepanda kwa kiasi gani. Baadaye hupewa dawa inayochunguzwa, kisha homoni ileile hurudiwa kwa kiasi kilekile. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili huonyesha kazi ya dawa.

Kwa njia hiyo, mwaka 1977 ilionyeshwa kwamba kaptopril, dawa iliyokuwa mpya wakati huo, iliwazuia watu wenye afya wasipandwe na shinikizo walipopewa angiotensini ya kwanza, kwa kuwa ilikizuia kimeng'enya kinachoigeuza kuwa ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, losatani ilionyesha kwamba inaweza kuizuia angiotensini ya pili yenyewe isifanye kazi yake kwenye mishipa. Na kabla ya hapo, mwaka 1976, watafiti walieleza kwamba indometasini, ambayo ni dawa ya maumivu, ilifanya kinyume: iliwafanya watu wenye afya waitikie angiotensini kwa nguvu zaidi.

Matokeo ya namna hii yana funzo kubwa kwa mtumiaji. Dawa inaweza kuliacha shinikizo lako la kawaida likiwa karibu palepale unapopumzika, na bado ikabadilisha namna mwili unavyoitikia homoni zinapopanda. Kwa hiyo, mtu kusema kwamba ameitumia dawa fulani miaka mingi na hajawahi kuhisi lolote hakutoshi kuonyesha kwamba dawa hiyo haigusi shinikizo lake. Shinikizo la damu linapopanda, mara nyingi halina dalili.

3. Dawa za kawaida zinazoweza kuongeza nguvu ya homoni

Dawa za maumivu na uvimbe. Katika kundi hili zimo diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na naproksini. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa zinazofanana nayo hupunguza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, na mwaka 1982 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi ya aina hiyo. Lakini prostaglandini ndizo zile breki tulizozitaja. Zikipungua, maumivu hupungua, na wakati huohuo figo huhifadhi chumvi na maji zaidi, na mishipa huibana zaidi angiotensini na noradrenalini zinapofika. Kwa kijana mwenye afya anayemeza vidonge kwa siku mbili au tatu, mabadiliko kwa kawaida ni madogo. Huongezeka kwa anayetumia kwa wiki nyingi, kwa mzee, kwa mwenye matatizo ya figo na kwa anayetumia tayari dawa za shinikizo la damu.

Parasetamoli haimo katika kundi hilo, na kwa watu wengi ndiyo ya kuanza nayo. Hata hivyo, si ya kumezwa bila mpaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kutoka Edinburgh, Uingereza, ulionyesha kwamba watu wenye shinikizo la juu waliotumia gramu 4 kila siku kwa wiki mbili walipandwa na namba ya juu kwa karibu milimita 5. Kumbuka pia kwamba vidonge vya maumivu vinavyoyeyushwa katika maji na kutoa mapovu huwa na sodiamu nyingi, na sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi inayozifanya figo zihifadhi maji.

Dawa za mafua na za kufungua pua. Pua huziba kwa sababu mishipa midogo ndani yake imevimba. Pseudoefedrini na fenilefrini huibana mishipa hiyo kwa kuiga au kuamsha kazi ya noradrenalini. Ikimezwa, dawa haichagui mishipa ya pua peke yake. Kwa wastani, pseudoefedrini huipandisha namba ya juu kwa takriban milimita 1 tu na kuongeza kidogo mapigo ya moyo, lakini wastani huficha watu wachache ambao hupanda zaidi. Hatari hiyo ilidhihirika mwaka 2000, pale mamlaka ya dawa ya Marekani ilipozitaka kampuni ziache kuuza bidhaa zenye fenilpropanolamini, dawa ya jamii hiyohiyo, baada ya utafiti kuihusisha na kiharusi cha kuvuja damu kwenye ubongo. Uhusiano huo ulionekana kwa wanawake, hasa waliokuwa wakiitumia kupunguza hamu ya kula ili wapungue uzito.

Kuhusu fenilefrini ya kumeza, mnamo Septemba 2023 kamati ya washauri wa mamlaka hiyohiyo ilihitimisha kwamba, kwa kipimo cha kawaida, haifungui pua. Mtumiaji anaweza hivyo kununua hatari ndogo bila kupata faida. Matone ya maji ya chumvi ya puani hayabani mishipa, na kwa mafua ya kawaida huwasaidia wengi. Matone au dawa za kupuliza zinazobana mishipa ya pua zisitumiwe kwa zaidi ya siku chache, kwani pua huzizoea na kuziba zaidi zinapoachwa.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Vidonge hivi vina estrojeni na projestini. Estrojeni hulifanya ini litengeneze kwa wingi ile protini ambayo renini huikata ili kupata angiotensini. Wanawake wengi hawapati mabadiliko makubwa, lakini wachache hupandwa na shinikizo la kuhitaji kubadilishiwa njia. Ndiyo sababu mtoa huduma anapaswa kukupima kabla ya kukupa vidonge na kukupima tena baada ya miezi michache. Vidonge vyenye projestini pekee na vipandikizi, ambavyo wengi huviita vijiti, kwa kawaida haviongezi shinikizo. Usiache njia yako kwa hofu. Mimba isiyopangwa nayo ina hatari zake. Nenda ukapimwe.

Steroidi. Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa zinazookoa maisha ya wenye pumu kali na magonjwa mengine. Hufanya kazi kama kotisoli, na zikitumiwa kwa kiwango kikubwa au kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na sukari. Wapo wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe. Wapo pia wanaopaka mkorogo au krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi kali kama klobetasoli bila kujua kwamba dawa hupenya ngozi na kuingia katika damu, hasa inapopakwa mwili mzima kila siku. Nchini Tanzania ni marufuku kuuza vipodozi vyenye steroidi, na sababu mojawapo ni hii. Lakini aliyezitumia kwa muda mrefu asiache ghafla. Tezi zake za adrenali zinaweza kuwa zimelala, na mwili ukikosa kotisoli shinikizo huweza kuporomoka. Amwone daktari ampangie namna ya kupunguza.

4. Dawa zinazopunguza nguvu ya homoni, na hatari ya kuziazima

Dawa nyingi za kutibu shinikizo la juu la damu zilitengenezwa ili kuzipinga homoni hizi. Kaptopril, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye Bothrops jararaca, ambaye watu aliowauma huanguka kwa kushuka kwa shinikizo. Enalapril na lisinopril ni za kundi hilo. Losatani huizuia angiotensini ya pili. Spironolaktoni huipinga aldosteroni. Propranololi huuzuia moyo usiitikie kwa nguvu adrenalini na noradrenalini.

Katika familia nyingi dawa hizi huazimana. Mtu anaumwa kichwa, anadhani presha imepanda, anapewa kidonge cha mama mkwe. Kwa mtu mwenye afya, hasa aliyepungukiwa maji kwa kuharisha, kutapika au kufunga, mwili wakati huo unaitegemea angiotensini ili asianguke. Kidonge kinaiondoa tegemeo hiyo, naye anaweza kuzimia au kuumia figo. Kwa mjamzito, dawa za makundi ya enalapril na losatani zinaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni.

Propranololi inastahili maelezo ya peke yake, kwa sababu hutumiwa pia na watu wasio na presha: wenye kipandauso, wenye matatizo ya tezi la shingo, hata wanaoogopa kuhutubia. Adrenalini hubana baadhi ya mishipa na kupanua mingine. Propranololi huzuia kule kupanua na kuacha kule kubana. Kwa hiyo mtu anayeitumia akipewa adrenalini, shinikizo lake linaweza kupanda kuliko la mtu asiyeitumia. Sindano nyingi za ganzi za meno huwa na adrenalini kidogo. Mwambie daktari wa meno kuwa unatumia propranololi kabla hujakaa kwenye kiti chake.

5. Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi

Ingawa somo hili ni la watu wote, wafuatao wasinunue dawa zilizotajwa katika sehemu ya tatu bila ushauri:

- Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, au mwenye mzazi au ndugu mwenye shinikizo la juu la damu.
- Mjamzito. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito isipokuwa daktari ameagiza. Ikiwa daktari amekuandikia aspirini ya kiwango kidogo kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba, usiiache bila kumuuliza.
- Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au wa moyo, au aliyewahi kupata kiharusi.
- Anayetumia dawa za shinikizo la damu. Dawa ya maumivu inaweza kupunguza nguvu ya enalapril, losatani na dawa za kukojoza maji. Mtu anayetumia dawa ya kukojoza pamoja na mojawapo ya hizo mbili, akiongeza diklofenaki, huziweka figo zake hatarini.

6. Hatua za kuchukua

Kabla ya kununua. Nunua katika famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa, na umuulize mtoa dawa maswali manne: Kiambato hai cha dawa hii ni kipi? Inaweza kupandisha shinikizo la damu? Inapatana na dawa nyingine ninazotumia? Nitumie kwa siku ngapi? Mtajie kila unachotumia, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango, krimu za ngozi na dawa za asili. Soma jina la kiambato, si jina la biashara peke yake. Pakiti mbili zenye rangi na majina tofauti zinaweza kuwa na diklofenaki ileile, na vidonge vya mafua mara nyingi huchanganya dawa tatu au nne katika kidonge kimoja, pengine pamoja na kafeini.

Wakati wa kutumia. Tumia kiwango kidogo kinachotosha, kwa siku chache zinazotosha. Maumivu yanayodumu zaidi ya wiki moja yanahitaji uchunguzi kuliko pakiti nyingine.

Unapopimwa. Kwa nusu saa kabla ya kipimo usinywe kahawa, usivute sigara, wala usifanye kazi nzito. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika 5 ukiwa umeegemea, miguu ikiwa chini bila kukunjwa, mkono ukiwa umelazwa usawa wa moyo, na usizungumze. Pimwa mara mbili. Mweleze anayekupima dawa zote ulizotumia katika wiki mbili zilizopita, hata asipouliza.

Dalili za hatari. Kipimo kikifika 180/120 au zaidi, au ukipata maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ulimi kuwa mzito, kuona ukungu au kichwa kuuma kwa ghafla na kwa ukali, nenda hospitali mara moja. Chukua pakiti za dawa ulizotumia.

7. Tumrudie dereva

Sasa tunaweza kuisoma namba ya dereva wetu kwa macho mengine. Hofu ya kukosa mkataba ilimwaga adrenalini katika damu yake. Vidonge vya mafua viliongeza mbano uleule. Diklofenaki ya wiki mbili ilikuwa imezipunguza breki na kuhifadhi chumvi na maji. Mambo matatu yalikutana katika mkono mmoja uliofungwa mashine.

Hii haina maana kwamba namba ilikuwa ya uongo. Shinikizo hilo lilikuwa kweli ndani ya mishipa yake, na lingekuwa hivyohivyo akiendesha usiku. Hatua sahihi ni mtaalamu kuorodhesha dawa zake, kumsitishia zisizo za lazima, kumtafutia matibabu mengine ya mgongo, kisha kumpima tena kwa siku tofauti baada ya wiki moja au mbili. Tuseme kipimo kinarudi 136/86. Dereva atapata mkataba wake, na hakuna sababu ya kumwanzishia dawa za maisha kwa kipimo cha asubuhi moja. Lakini 136/86 pia si namba ya kusahau. Inamwambia kwamba anakaribia mstari, kwamba apunguze chumvi, apime kila baada ya miezi michache, na kwamba dawa ambazo kwa mwenzake hazina athari kubwa, kwake zinaweza kumvusha mstari huo.

Kama kipimo kingebaki juu ya 140/90, nalo lingekuwa jambo la manufaa: ugonjwa umegunduliwa mapema, na hakuna tena wa kusema kwamba ni dawa tu.

8. Maswali ya kujipima

1. Kwa nini diklofenaki inaweza kupandisha shinikizo la damu ingawa yenyewe si homoni?
Jibu: Hupunguza prostaglandini, ambazo hupanua mishipa na kuzisaidia figo kutoa chumvi. Homoni zinazobana mishipa hubaki bila kizuizi cha kutosha.

2. Jirani yako ana mafua, naye hajapima shinikizo la damu kwa miaka mitano. Utamshauri nini kabla hajanunua vidonge vya kufungua pua?
Jibu: Apime kwanza, amuulize mtoa dawa kuhusu viambato, na ajaribu matone ya maji ya chumvi.

3. Mtu aliyepaka krimu yenye steroidi kali kwa miaka miwili amesoma somo hili na anataka kuitupa leo. Afanye nini?
Jibu: Amwone daktari kwanza ili aiache hatua kwa hatua chini ya uangalizi.

4. Umetumia dawa, ukapimwa na kukutwa shinikizo limepanda. Ni nani wa kuambiwa?
Jibu: Mtaalamu wa afya aliyekupima, na mahali uliponunua dawa. Unaweza pia kutoa taarifa ya madhara ya dawa kupitia kituo cha afya au ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iliyo karibu nawe. Huhitaji kuwa na uhakika kwamba dawa ndiyo chanzo. Shaka inatosha, na taarifa ya mtu mmoja ikiungana na za wengine ndiyo huonyesha tatizo ambalo majaribio ya awali hayakuliona.